Sehemu ya Pili ya Bibi wa Taa

Juzi jirani yangu alitoa televisheni ya zamani stoo, ile ya mgongo mkubwa, akaileta kwangu tuone kama bado inawaka. Iliwaka. Picha haikuja, lakini baada ya dakika chache ikaanza kutoa ile harufu ya vumbi linaloungua taratibu juu ya nyaya, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari, nikajikuta nimekaa sakafuni. Jirani akauliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia ndiyo, maana jibu la kweli lilikuwa refu mno kwa mtu aliyesimama na bisibisi mkononi. Nyinyi mmeketi, basi nitawaambia.

Tulikaa mtaa wa Landless, pale Thika, miaka ya tisini, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na alirudi jioni na nyuzi za pamba kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka siku hiyo hiyo. Upepo ukitoka upande fulani ulituletea harufu ya mananasi yanayopikwa viwandani, tamu mpaka inachosha. Mimi, Wairimu, ndiye niliyekuwa mkubwa. Mdogo wangu Nyambura nilimzidi kwa miaka mitano.

Mama alikuwa mpenzi wa picha. Ndiye aliyetupeleka kwenye ukumbi wa kanisa kuona filamu ambayo kila mtoto wa wakati wetu aliipenda, na ambayo baadaye ilikuwa ikionyeshwa kwenye televisheni kila likizo ya Desemba. Ilikuwa habari ya msichana aitwaye Mina, aliyepanda ngazi nyuma ya nyumba yao akafika mji usio na jua. Katika mji huo kulikuwa na mwanamke mnene mwenye aproni ya mifuko mingi, na kila mfuko umejaa viberiti. Huyo ndiye Bibi wa Taa. Kila jioni alipita mlango kwa mlango akiwasha taa, huku akiwaita watu wote kwa majina. Mwishoni taa zote ziliwaka, watu wakacheza barabarani, na sisi watoto tukacheza nao hapo hapo ukumbini.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Mama hakikuwa kingi. Alitutafsiria kwa kunong'ona, kidogo Kikuyu, kidogo Kiswahili, na alipokwama alijitungia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba yule mfalme mwenye ndevu alikuwa chifu, na kwamba alikuwa akimdai Mina kitambulisho.

Mama alikufa kwa homa ya mapafu, mwezi wa nne, wakati wa mvua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulimzika Mugutha, upande wa Ruiru, nyumbani kwa Cucu, yaani mama yake Baba. Nyambura hakupelekwa. Aliachwa kwa jirani, akaambiwa Mama amehamishiwa hospitali ya mbali ambako watoto hawaruhusiwi kuingia. Cucu ndiye aliyeamua hivyo, na Baba hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu yeyote siku zile. Cucu alinivuta kando, akanishika kidevu, akaniambia mtoto wa miaka sita hawezi kubebeshwa jambo kama hilo, na kwamba mimi sasa ndiye mtu mzima wa kike katika nyumba ile. Nikaitikia. Nilijiona nimepewa cheo.

Kazi ile niliifanya kwa bidii kupita kiasi. Kila baada ya siku chache nilirudi kutoka dukani na kumwambia Nyambura kwamba Mama amepiga simu pale, anamsalimia. Nyakati nyingine Mama alimtaka anywe uji wote. Nyakati nyingine alimsifu kwa kufunga kamba za viatu mwenyewe. Nyambura alisikiliza akinitazama usoni, kisha alisema, "Sawa." Hakuwahi kuuliza kwa nini yeye hapelekwi kwenye hiyo simu. Nami nilishukuru kwamba hakuwa mtoto mwerevu.

Ikapita miezi saba hivi. Wakati huo kulikuwa na mzee mmoja mtaani aliyeitwa Rajabu, Mwislamu mpole wa kofia nyeupe, fundi wa redio. Nyuma ya karakana yake alikuwa na chumba cha video, kina benchi tano, televisheni moja iliyotoa ile harufu ya vumbi linaloungua, na magunia yaliyoziba madirisha. Jumamosi mchana aliwaonyesha watoto picha, na wazazi walimwamini kwa sababu hakuonyesha vita wala watu wasiovaa nguo. Siku moja tulikuta ameandika kwa chaki kwenye ubao wake: BIBI WA TAA, SEHEMU YA PILI. WATOTO WOTE KARIBUNI.

Hatukujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kuwapo. Nyambura, ambaye siku hizo alikuwa haongei sana, alizungumza wiki nzima juu ya ubao ule. Baba alipoombwa ruhusa aliuliza kama ni ile picha ya Mama. Nikasema ndiyo. Akaturuhusu.

Lazima niseme, kwa kumtetea, kwamba Mzee Rajabu hakuwa ameitazama. Kaseti aliipata Nairobi, kwenye kasha kulikuwa na taa ile ile tuliyoijua, akaamini kama sisi tulivyoamini.

Tulikuwa watoto kama ishirini. Muziki ulianza, ule wa zamani, tukapiga makofi. Kisha ukaanza kujiburuta, kama redio inayoishiwa na betri. Mina alipanda ngazi akakuta mji ni giza. Milango ilikuwa imepasuka. Kiti cha Bibi kilikuwa kitupu, na kila aliyeulizwa alisema Bibi ametoka kidogo tu, yuko sokoni, atarudi sasa hivi. Walisema hivyo wakiangalia chini. Halafu mtu akapita mwisho wa barabara, amevaa ile aproni, akamwita Mina kwa sauti ya Bibi kabisa. Mina akamkimbilia. Mtu yule akageuka, na mahali pa uso hapakuwa na kitu.

Kelele zilizotoka humo ndani zilisikika barabarani. Benchi zilipinduka, watoto wakapita juu ya wenzao, mmoja akatoka na gunia la dirisha limemzunguka shingoni. Mimi, mtu mzima wa kike, nilikuwa nimeingiza kichwa chote ndani ya sweta. Nilipokitoa, chumba kilikuwa kitupu na viatu vimetapakaa sakafuni. Mzee Rajabu alikuwa amekuja mbio kutoka karakana, ananyoosha mkono kuzima mashine, huku akiomba radhi kwa Mungu na kwa wazazi wa kila mtoto.

Nyambura alikuwa amekaa pale pale, benchi ya mbele, mikono chini ya mapaja.

"Babu, usizime," akasema. "Nataka kuona Bibi ako wapi."

Mzee akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. "Huogopi?"

"Naogopa," akasema Nyambura. "Lakini nataka kuona."

Nilitamani sana amkatalie. Badala yake alivuta kigoda, akakaa katikati yetu, akaacha kanda iendelee. Kwa hiyo filamu ile tuliimaliza watu watatu. Sauti iliendelea kumwita Mina, ikimwahidi kila kitu, naye akaacha kuitikia. Alitembea nyuma ya mji mahali ambapo hakuna aliyetaka kumwonyesha, akakuta kituta kidogo cha udongo, na juu yake taa iliyozimika. Akapiga magoti. Nilingoja Bibi aamke, maana picha za watoto huwa hivyo, mtu huamka. Hakuamka. Mina alilia mpaka akachoka, akatoa kiberiti, akaiwasha taa ile mwenyewe, akakaa kando yake. Ikawa mwisho. Hakuna aliyecheza.

Mzee Rajabu alitusindikiza mpaka kona ya kwetu. Nyambura alikuwa ameshika mkono wa sweta yangu. Hofu haikuwa imeniisha, nami sikujua namna nyingine ya kuituliza.

"Mama alipiga simu asubuhi," nikamwambia. "Anakusalimia."

"Sawa," akasema.

Kabla ya jioni, akina mama watatu walikuwa wameshafika kwetu kulalamika, kwa sababu watoto wao walikuwa wanakataa hata kwenda chooni. Baba alirudi kutoka kazini akakutana na habari hizo mlangoni. Alinigombeza vikali, akasema nimempeleka mtoto mdogo kutazama mashetani. Kisha akaanza kuvaa viatu tena ili aende kumweleza Mzee Rajabu anachokifikiria. Alikuwa amevaa kimoja wakati Nyambura alipotoka chumbani akasimama mbele yake.

"Baba, usiende kugombana na Babu," akasema. "Mama alizikwa wapi?"

Baba akanigeukia mimi kwanza. Nikatikisa kichwa. Aliuliza nani amemwambia, na Nyambura akajibu kwamba hakuna mtu amemwambia. Alikuwa anangoja jibu, basi. Kiatu cha pili kilikuwa bado mkononi mwa Baba.

"Mugutha," akasema hatimaye. "Kwa Cucu. Karibu na ile migomba."

"Mlimvalisha sweta?"

Mama alikuwa mtu wa kusikia baridi hata jua likiwaka. Baba akateremka polepole, mgongo ukiburuzika ukutani, mpaka akakaa sakafuni.

"Ile ya kijani," akasema.

Nyambura akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeridhishwa na maelezo ya daktari, akaenda kukaa kwenye mapaja yake. Hapo ndipo nilipomwona Baba akilia. Siku ya mazishi hakulia. Alikuwa akiwaelekeza watu mahali pa kuweka viti. Nami nililia, nikagundua kwamba sikuwa nimelia tangu mvua za Aprili. Nilikuwa na siri ya kulinda, na mtu anayelinda siri hawezi kulia ovyo.

Kesho yake, Jumapili, jirani mwenye pikapu alitupeleka Mugutha. Cucu alikuwa anachambua maharagwe uani. Alipoelezwa alikasirika, akamwambia Baba kwamba wanaume hawajui kufunga mdomo. Lakini Nyambura alikuwa ameshaanza kuelekea kwenye migomba, na Cucu akainuka haraka kumfuata, maharagwe yakamwagika kutoka kwenye gauni lake. Nilipowafikia alikuwa amemshika mkono. Nyambura alikuwa akimweleza Mama habari zake kwa mpango: kwamba meno mawili yametoka, kwamba anajua kusoma ukurasa mzima, kwamba Wairimu anapika ugali lakini unaungua. Cucu alicheka huku akijifuta macho na ncha ya leso.

Baadaye, tukinywa chai, alitueleza jambo ambalo hata Baba hakuwa akilijua. Yeye mwenyewe alifiwa na mama yake akiwa mdogo kuliko Nyambura. Watu wazima walimnyanyua juu ya kaburi ili aage, na udongo ukamwingia machoni. Alisema mpaka uzee ule, akiosha uso, kuna siku anausikia bado. Ndiyo maana aliapa kwamba mjukuu wake akiwa mdogo hivyo hatapitishwa hapo. Alilisema hilo akiangalia kikombe, si kwa kujitetea.

Mzee Rajabu alikaa wiki nzima bila mteja wa video. Jumamosi iliyofuata Baba alioga, akavaa koti lake la kazi lililofuliwa, akatushika mikono, akatupeleka kwake mchana kweupe ili mtaa mzima uone. Alikaa benchi ya mbele, magoti yakigusa kidevu, akatazama katuni ya sungura mpaka mwisho. Baada ya hapo akina mama wakaanza kuwarudisha watoto, mmoja mmoja. Sehemu ya pili haikuonyeshwa tena, na sijawahi kuitafuta.

Kwa muda mrefu niliisimulia habari hii kama habari ya filamu iliyomfumbua macho mdogo wangu. Niliamini kwamba alikwenda pale bila kujua, akatoka anajua. Miaka michache iliyopita, Nyambura akiwa muuguzi Ruiru na mimi nimekwenda kumwona alipojifungua, nilimuuliza ni sehemu gani ya ile picha iliyomfanya aelewe.

Alinishangaa. Alisema alijua tangu siku ile tuliporudi kutoka mazishini Mugutha. Sote tulikuwa na udongo mwekundu kwenye viatu, na Cucu aliingia chumbani moja kwa moja akaanza kukunja nguo za Mama. Alichokiona kwenye video ni mtoto mwenzake akiuliza, na dunia haikuanguka.

"Sasa mbona ulikaa miezi yote hiyo bila kuuliza?" nikamwambia. "Na mimi nikikuletea salamu za simu?"

Alikuwa anamfunika mtoto wake, hakuinua kichwa.

"Mlikuwa mnajitahidi sana," akasema. "Niliona nikiuliza, wewe na Baba mtaumia."

Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda yake. Miezi saba mizima nilidhani nimembeba mdogo wangu mgongoni, nikajisifu kimoyomoyo kwa nguvu zangu. Mtoto wa miaka sita alikuwa ametubeba wote wawili, mimi na Baba, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama amechoka.