Miwani ya Mama Shubiri

Watu wakimwona njiani wanakumbatia mikoba yao. Muuza nyanya mmoja aliwahi kufunika bidhaa zake kwa gunia, mchana kweupe, akamwambia aende akanunue kwa wenye roho mbaya wenzake. Mimi ni mpambaji wake, nampaka poda na wanja kabla ya kamera kuwashwa, kwa hiyo nina haki ya kusema: walimwengu wana vituko. Mwanamke mwenyewe hawezi kuchinja hata kuku. Akikuta mende bafuni ananiita mimi. Ila kwenye filamu ni Mama Shubiri, mama mkwe aliyemtilia mkaza mwanawe sumu kwenye chai, na jina hilo limemganda mpaka kwenye foleni ya benki.

Kinachowatisha zaidi ni lile jicho lake kavu kwenye filamu. Mwongozaji hulisifia kila aendako, eti kipaji. Kipaji gani! Haoni. Bila miwani yule hatofautishi mlango na kabati. Siku ya kwanza kazini alishindwa kumtukana binti wa watu aliyekuwa analia mbele yake. Kila akimtazama usoni, maneno yanamkwama kooni. Nikachoka, nikamvua miwani. Uso wa yule binti ukawa ukungu, na matusi yakatiririka. Tangu siku hiyo kazi tunaifanya hivyo hivyo: miwani ikivuliwa, Mama Shubiri amefika.

Nyumbani, mshika miwani alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Walikuwa wanakaa meza ya jikoni kufanya mazoezi. Mtoto anapokea miwani, anaifuta kwa upindo wa gauni lake, anasoma maneno ya mkaza mwana, kisha anatukanwa hadi mbavu zinamuuma kwa kicheko. Alikuwa na pumu yule mtoto. Kifua kikimbana, mama yake huyu alimbeba mgongoni akazunguka naye sebuleni mpaka pumzi irudi.

Mtoto akakua, akapata mchumba, fundi wa majokofu, kijana mpole, na wanapendana kweli. Tukafurahi. Halafu akaja mama wa kijana. Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, na chai hakuigusa. Nilimwona anainusa kwa mbali, nikatamani kuinywa mbele yake kwa hasira. Alisema kwa adabu zote kwamba ndugu wamekataa katakata. Harusi itakuwepo, lakini Mama Shubiri asionekane, na baada ya hapo asikanyage kwao, hata wajukuu wakizaliwa. Jina lake halisi hakulitamka hata mara moja. Huyu wangu akajibu tu kwamba ameelewa.

Binti alipoambiwa aliwaka. Kama mama haendi, basi hakuna harusi, habari imeisha. Akavua pete, akaitupa kwenye droo. Ikawa hali chakula. Simu ya kijana inaita, anaiangalia tu mpaka inanyamaza. Na mama yake anamtazama, anakonda naye.

Jumamosi moja mchana nilikuwa jikoni kwao nasuuza brashi zangu. Alimwita binti, wakakaa mezani. Nikamwona anavua miwani, anaiweka pembeni. Nikajua. Nikaziacha brashi ndani ya maji.

"Mimi nimechoka na wewe," alisema, kwa sauti ileile ya kwenye filamu, taratibu. "Nilikuchukua kwa sababu marehemu hakuniachia njia nyingine. Ujana wangu wote umeishia kwenye kifua chako kibovu. Sasa umepata wa kukuchukua, unaning'ang'ania wa nini? Nenda. Na ukienda, usinirudie hapa."

Jicho lile, Mungu wangu. Halikupepesa.

Binti hakulia.  Alinyoosha mkono, akaichukua miwani, akaifuta polepole kwa upindo wa gauni lake kama enzi za mazoezi, kioo kimoja, halafu cha pili, akairudisha mezani bila kishindo. Akanigeukia mimi. Nilimwomba kwa macho afungue mdomo, aseme tu, mama, acha hizo. Aliinamisha uso, akaenda chumbani. Nikasikia droo ikivutwa. Alitoka na begi, pete kidoleni, akapita nyuma ya kiti cha mama yake, akafunga mlango taratibu.

Mwenzangu alibaki palepale, amekaza macho kwenye kiti kitupu. Sijui kama alikuwa anajua kwamba ni kitupu. Alipapasa meza mpaka akaigusa miwani, ila hakuivaa.

"Ameamini?" akaniuliza.

"Ameamini," nikamjibu.

Akashusha pumzi, akasema afadhali.