Joho la Mauti Limebaki Vifungo Tu

Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Mtaa mzima unamwita Kesho. Fundi Kesho, cherehani yake iko karibu na dirisha, na mteja akifika hata salamu haijaisha fundi ameshamwambia arudi lini. Jina halimuudhi. Mwenyewe husema amelipata kwa jasho, maana kumdanganya mteja mara moja kila fundi anaweza, lakini kumdanganya mteja yuleyule mara kumi na saba, na mara ya kumi na nane akaja na kitambaa kingine, hicho ni kipaji.

Duka lake ni chumba kimoja chenye meza ya kukatia, pasi, na rafu tatu. Rafu ya chini ni ya nguo zilizobakiza pindo. Ya kati ni ya nguo zilizokatwa tu. Ya juu ni ya vitambaa ambavyo mkasi haujavigusa, na hiyo ndiyo imejaa mpaka darini. Mama mmoja mwenye hasira na mwandiko mzuri aliwahi kuokota chaki ya fundi mezani akamwandikia mlangoni: Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Fundi hakuyafuta. Alisema mwandiko ule unapendezesha duka, na kwamba yeye na methali hawagombani, kila mmoja atafute riziki yake.

Sasa, kwenye kona ya ile rafu ya juu kulikuwa na kitambaa cha zambarau chenye maua meupe madogo. Kilikuwa cha dada yake.

Huyo dada ndiye aliyemlea fundi baada ya mama yao kufariki, fundi akiwa na miaka sita. Ndiye aliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano, akimshika vidole vyake na kumwambia asiufyonze kama anakunywa uji. Miaka miwili nyuma alikuja dukani kwa miguu yake mwenyewe, mnene, mwenye sauti, akaweka kitambaa mezani akasema, "Nishonee gauni la kukaa nalo barazani, na usiniletee habari zako za kesho." Fundi akamchukua vipimo. Miezi michache baadaye moyo wa dada ukaanza kusumbua. Sasa alikuwa amelala kwenye chumba cha uani nyumbani kwa binti yake, mitaa mitatu kutoka dukani, na daktari alikuwa ameshaiambia familia maneno ambayo daktari huyasema akitazama viatu vyake.

Kila fundi alipokwenda kumwona, dada aliuliza swali moja. "Gauni langu vipi?"

"Limebaki vifungo tu, Dada."

Uongo mtupu. Kitambaa kilikuwa hakijakunjuliwa hata mara moja.

Fundi alikuwa na hesabu yake ya siri, ambayo hakumwambia mtu kwa sababu alijua angechekwa, na angestahili. Katika miaka thelathini ya kazi, alijisemea, hajaona mteja aliyekufa kabla ya kuchukua nguo yake. Wanakufa, ndiyo, lakini baada ya kuchukua. Wale watatu ambao nguo zao ziko rafuni mpaka leo na wenyewe hawaonekani, alisema walihama. Kwa hiyo maadamu kitambaa cha zambarau kiko juu, dada yupo. Alijua ni upuuzi. Aliushika upuuzi huo kama mtu anavyoshika mwavuli uliotoboka, na kwa kuwa kila akienda aliulizwa kuhusu gauni, akaacha kwenda. Miezi miwili ikapita. Binti wa dada akipita dukani, fundi humpa machungwa na kumwambia, "Mwambie mama yako nitapita kesho."

Basi, mambo yakiwa hivyo, wakaja watu wa filamu.

Walikuwa wamekodi nyumba nyuma ya duka kwa siku kumi. Mwongozaji wao alikuwa mwanamke kijana mwenye kofia, mwenye maneno machache, na bahati mbaya alikuwa mgeni mtaani, hakuna aliyemwonya. Filamu ilihusu Mauti mwenyewe, aliyekuja kwa umbo la mtu kumchukua mwalimu mmoja mstaafu, akamkuta anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Walihitaji joho jeusi, refu, lenye kofia. Mwigizaji wa Mauti akaja kupimwa, pande la mtu, mabega kama kabati la nguo. Fundi akampima, akaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi, akaahidi joho kwa siku tatu.

Karatasi hiyo hajaiona tena mpaka leo.

Fundi mwingine angesema nimepoteza vipimo, mlete bwana nimpime upya. Lakini siku ya tatu mwongozaji alipouliza, ulimi wa fundi ulitangulia kama kawaida yake. "Limebaki vifungo tu."

Mwongozaji akamtazama. "Joho la Mauti lina vifungo?"

"La kwangu linavyo," akasema fundi, kisha akarudi ndani kujilaumu.

Baada ya kujitangaza amemaliza, angemwitaje mtu aje kupimwa? Akajivisha futi ya kupimia shingoni mwake mwenyewe, akajipima mabega, akajipima kimo, akakata. Alijituliza kwamba Mauti ni Mauti, havai nguo za kubana wala za kulegea, nani atamlalamikia. Na ukweli usemwe, akiamua kushona anashona. Joho lilitoka safi, mshono umenyooka, kofia inaanguka usoni vizuri mpaka fundi mwenyewe alipojiona kwenye kioo alijisalimia kwa heshima.

Asubuhi ya kupiga picha, lile pande la mtu likaingiza mkono mmoja. Mkono wa pili ukagoma. Likavuta pumzi, joho likalia kwapani. Kitambaa cheusi kilikuwa kimekwisha, na watu wote walikuwa wameshapanga taa. Mwongozaji akavua kofia yake, akamtazama fundi kuanzia miguuni: mrefu, mwembamba, mashavu yaliyoingia ndani.

"Umelishona kwa kipimo cha nani, Fundi?"

Fundi akajionyesha kwa kidole.

"Livae wewe," akasema mwongozaji.

Hivyo ndivyo alivyopata kazi ya kuua watu. Mkewe alipopigiwa simu alisema sura hiyo ameishi nayo miaka ishirini na sita, hashangai wenzake wameiona leo. Wakampaka unga mashavuni, wakamziba sehemu iliyofumuka kwapani kwa pini, wakamfundisha maneno yake. Yalikuwa machache. Bibi mwigizaji, aliyekaa kitandani na madaftari mapajani, angesema, "Nimebakisha madaftari kumi na mawili tu. Nipe mpaka kesho." Na Mauti, akiwa amesimama mlangoni, angejibu, "Siku yako imekwisha, mama. Twende." Basi.

Kamera ikawashwa.

"Nimebakisha madaftari kumi na mawili tu," akasema bibi. "Nipe mpaka kesho."

"Haya mama, hamna shida," akajibu Mauti. "Nitapita kesho."

Mshika taa akacheka mpaka taa ikatikisika. Wakarudia. Fundi akajikaza, akayameza yale maneno mara mbili kimoyomoyo, na bibi alipoomba tu, Mauti akamwambia asijali, hakuna haraka. Mwongozaji akawaambia wote wapumzike, akamwita fundi pembeni.

"Fundi, tatizo nini?"

"Ulimi wangu umezoea," akasema. Halafu, kwa kuwa lilikuwa linamkereketa, akauliza, "Lakini kwani haiwezekani akapewa siku moja tu? Madaftari kumi na mawili si mengi."

"Ukimpa siku hiyo ataomba nyingine. Na siku zote hizo atakuwa anaomba tu, hasahihishi." Mwongozaji akaivaa kofia yake. "Yule mama anapata kuyasoma madaftari ya watoto kwa moyo wote kwa sababu anajua uko mlangoni. Wewe simama tu hapo mlangoni, usimbembeleze."

Fundi akarudi kusimama. Safari hii alimtazama bibi vizuri. Walikuwa wamempaka kitu midomoni, imepauka. Mkono wake juu ya daftari ulikuwa mwembamba, na aliposema "nimebakisha", fundi alisikia sauti yake mwenyewe ikisema limebaki vifungo tu, ikisema hivyo kwa miaka miwili kwa dada yake, ambaye hakuwahi kumdanganya yeye hata siku moja.

"Siku yako imekwisha, mama," akasema. "Twende."

Mwongozaji akasema imetosha, nzuri sana. Fundi hakusikia sifa hizo, na kwa mtu anayependa sifa kama yeye hilo si jambo dogo. Alichokuwa anawaza ni jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi kutamka, na kwamba Mauti mwenyewe akija kuyatamka hatauliza kuna nini kwenye rafu ya juu. Hofu ya kweli ikamshika. Akatoka pale bila kuaga, akavuka uani, akaingia dukani, akapanda kigoda akashusha kitambaa cha zambarau.

Akakikata hapohapo. Vipimo vya dada, kwa muujiza ambao hakustahili, vilikuwa bado vimebanwa na pini kwenye kitambaa chenyewe. Alikanyaga cherehani mchana kutwa bila kula. Yule mama wa chaki alipita kuulizia blauzi yake, akamkuta Mauti mwenye unga mashavuni amekaa dirishani anashona maua meupe, akasimama kidogo. "Haina haraka, Fundi," akasema. "Nitarudi kesho."

Saa kumi jioni akalikunja gauni, akatoka mbio. Mitaa mitatu. Watu walimpisha njia kwa adabu ambayo hajawahi kupewa, naye akadhani wameona ana haraka. Binti wa dada alipofungua mlango alirudi nyuma akashika ukuta.

"Mjomba? Umevaa nini?"

Hapo ndipo alipojiangalia. Joho jeusi, kofia kichwani, unga mpaka shingoni, kwenye nyumba ya mgonjwa. Katika upumbavu wote aliowahi kuufanya, na orodha anaijua kwa mpangilio, huu ulikuwa umevunja rekodi. Akataka kugeuka. Lakini mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi, na dada alikuwa ameshamwona.

Alikuwa amekonda. Mto ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Alimtazama yule mtu wa joho jeusi mlangoni kwa muda mrefu bila kupepesa.

"Dada, usiogope," fundi akasema. "Ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema dada. "Mauti hangechelewa miaka miwili."

Fundi akakaa chini, palepale sakafuni, akalia kama mtoto. Dada akamwacha alie. Alipochoka kulia, dada akamwuliza, "Hicho ulichokumbatia ni gauni langu?"

Walimsaidia kulivaa, yeye na binti yake. Gauni lilikuwa la mwanamke mnene mwenye sauti aliyekuja dukani kwa miguu yake. Lilimwagika mabegani, likamzunguka kiunoni mara mbili. Fundi alilitazama akahisi neno linapanda kooni, lile neno lake, limenolewa kwa miaka thelathini: nitalipunguza kesho. Akalimeza. Likashuka vibaya kama tonge lenye mfupa.

"Kaa hivyohivyo, Dada," akasema. "Nalipunguza sasa hivi."

Akatoa sindano kwenye kola ya shati lake. Macho yalikuwa yamejaa maji, uzi ukapita kushoto mwa tundu, ukapita kulia. Dada akamnyang'anya. Akaukata uzi kwa meno, akautia mara moja, akamrudishia sindano.

Alishona akiwa amepiga magoti, kwapa hili, kisha lile, kisha ubavuni, na dada akimsimulia majirani gani wameoa na gani wameachana katika miezi miwili aliyokuwa mbali, kwa ukali wa kumwonyesha amekosa mengi. Alipomaliza alikaa nyuma akalitazama. Likamkaa.

"Dada, nisikilize vizuri," akasema. "Safari hii ni kweli kabisa. Limebaki vifungo tu."

Dada alicheka mpaka akakohoa, mpaka binti yake akaja na maji. Fundi alikuwa ameshalifungua joho, anakata vifungo vya shati lake mwenyewe kimoja kimoja, sita, vyeupe. Vikatosha. Jioni ile wakamshika mkono huku na huku wakamkalisha barazani na gauni lake la zambarau, kwa muda mfupi aliouweza, na kila aliyepita alimsifu yeye kwa gauni na akamwogopa fundi.

"Njoo kesho," dada alimwambia wakati wa kuagana, na binti yake akageuka pembeni kuficha uso, maana wote watatu walijua neno hilo lina thamani gani likitoka upande gani.

Kesho yake saa moja asubuhi, duka likiwa bado limefungwa, fundi alikuwa mlangoni na shati lisilo na vifungo chini ya koti. Dada alikuwa amekaa kitandani, gauni lake amelivaa. Alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akamtazama tena.

"Mbona mapema hivi?" akamwuliza. "Kuna aliyekufa?"