Jenereta Inayokunywa Kidogo

Katika duka moja la Cibitoke nilimkuta mteja akichagua jenereta ya kuchajia pikipiki yake ya umeme, ile ya kupandia milima. Aliziinua moja moja, akitafuta atakayoweza kuifunga nyuma ya kiti.

"Mi nilinunua pikipiki ya umeme sababu nilichoka kutafuta esanse," alimwambia muuzaji.

Muuzaji akafungua kifuniko cha tanki la petroli. "Hii nayo inakunywaka esanse, muzee."

Mteja akachungulia ndani, akarudisha kifuniko. "Apana shida. Inakunywa kidogo."

Juzi nikamwona kwenye foleni ya kituo cha mafuta, kidumu mkononi. Nilitaka kumcheka. Lakini sisi wengine tulikuwa tumesukuma pikipiki zetu zilizoishiwa mafuta hadi pale. Yeye peke yake alifika akiendesha.