Uso wa Baba Kwenye Bango

Ijumaa ile ya majira ya joto baba alitoka kwenda kusali Alfajiri kwenye msikiti wa mtaani kwetu, Ibra, na hakurudi. Jua lilipopanda, kaka yangu alikuwa keshazunguka mashamba yote ya mitende na wadi yote, lile bonde kavu la mto, na polisi wamekwishaambiwa. Mama alikaa kizingitini na simu mapajani. Kila gari likipita, anainuka.

Khofu yetu haikuwa ya jua peke yake. Baba alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima, na Kiarabu alikipata ukubwani. Alikisema vizuri, hata watu wa sokoni wakidhani kazaliwa hapa. Maradhi ya kusahau yalipomwingia, Kiarabu ndicho kilichotangulia kuondoka. Kikipungua leo neno, kesho neno, mpaka akabaki na Kiswahili chake cha utotoni. Ukimuuliza jina lake kwa Kiarabu, atakutazama, atatabasamu, atanyamaza. Mtu kama huyo akipotea upande wa Bidiya kwenye mchanga wa jangwa, nani atajua kama anaomba maji?

Kaka alirudi nyumbani kanzu imelowa jasho. Akanambia, "Wewe nenda dukani kwenu. Chapa uso wake, mkubwa, watu wauone hata wakiwa mbioni. Moja nitatundika njia ya Bidiya, moja njia panda ya Bidbid. Gari ya Maskati, gari ya Nizwa, zote lazima zipite pale."

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la mabango, kando ya barabara kuu. Kazi yangu ilikuwa kupanga picha na maandishi kwenye kompyuta. Mashine yenyewe, ile kubwa ya kuchapia, ilikuwa na mtu wake, naye alikuwa amekwenda kwao likizo. Tajiri yetu, mwenye duka, alikuwa safarini. Ufunguo ninao, na kuwasha najua, lakini mashine ilikuwa imelala siku nyingi, na wino wake ule mkali ukilala hukauka.

Nikachukua picha ya baba aliyopigwa siku ya Idi, amevaa kofia yake ya kazi ya mkono, nikaikuza. Chini nikaandika kwa Kiarabu kwamba mzee huyu amepotea, hajui tena Kiarabu, anasema Kiswahili, na namba ya kaka. Nikabonyeza. Kichwa cha mashine, kile kinachokwenda na kurudi kikimwaga wino, kikaanza safari yake.

Kofia ikatoka na michirizi myeupe. Kisha paji la uso. Macho yalipofika nikasimamisha mashine kwa sababu sikuweza kutazama. Jicho moja lilikuwapo, la pili limekatika vipande vipande, kama mtu anayefutwa nami nimesimama hapohapo. Nikasema kwa sauti, peke yangu dukani, "Ya Rabbi, usinioneshe ishara."

Nikampigia fundi wetu wa Nizwa. Alikuwa mtu mzima, wazee wake wametoka Burundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Nyuma yake nikasikia mbuzi na watu wanapiga kelele za mnada.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Sema kwa nguvu, niko soko la mbuzi."

Nikamweleza yote, baba na mashine, maneno yakipandana. Akatoka kwenye makelele.

"Pole sana. Sasa tulia, unisikilize. Chapa testi mara mbili, halafu weka karatasi hizo pamoja. Mistari inayokosekana ni ileile, au inahama?"

Nikachapa. Nikaziweka karatasi pamoja mezani. "Inahama. Huku imekosekana juu, huku katikati."

"Alhamdulillahi. Ingekuwa ileile, ningesema matundu ya hedi, hicho kichwa, yameziba au yamekufa. Ikihama, hiyo ni hewa. Wino haufiki. Usiiambie mashine ijisafishe, itazidi kuvuta hewa. Tazama mipira inayopitisha wino."

Nikainama na tochi. Kwenye mpira wa wino mweusi mapovu yalikuwa yamejipanga, na pale mpira unapoingia kwenye kichujio, juu ya kichwa, kiungo kimelegea. Akaniambia nizime mashine, nikikaze kiungo, kisha nivute wino kwa bomba la sindano kutoka chini ya kichwa, polepole, mpaka mapovu yaishe. Nikavuta. Mapovu yalipokwisha, jua lilikuwa karibu na utosi, na fundi bado yuko nami simuni. Nilipokuwa naitoa sindano, tone likanidondoka.

"Fundi, tone limeanguka kwenye ule waya bapa unaoingia kwenye kichwa."

"Umewasha?"

"Bado."

"Usiwashe! Tone moja likiwa kwenye waya, ukiwasha unaunguza hedi na bodi kwa pamoja, na mashine hiyo leo haitachapa tena. Zima kabisa ukutani. Chomoa waya, ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ncha zake na pale unapoingia. Uache ukauke wenyewe. Usilete mashine ya kukaushia nywele, mvuke wa wino huo unashika moto. Fungua mlango."

"Niache kwa muda gani?"

"Mpaka ukauke, binti. Nami naingia msikitini, imam keshapanda mimbari. Nazima simu. Mungu akusaidie."

Simu ikakatika.

Nilifungua mlango, na joto la nje likaingia kama la tanuri. Barabarani hapakuwa na mtu. Wote wako msikitini. Nikawaza baba yuko wapi katika joto hili, na mimi nimekaa nasubiri waya. Kila nilipougusa ulionekana mkavu, na kila nilipotaka kuurudisha khofu ikanishika mkono. Nikiharakisha, naunguza. Nikichelewa, je? Mama akapiga, akauliza, "Tayari, mwanangu?" Nikamwambia bado kidogo, wala sikumwambia kwa nini.

Mwisho nikaurudisha waya, nikasoma Ayatul Kursiyyu, nikafumba macho, nikawasha. Nilikuwa nangojea harufu ya kuungua. Haikuja. Testi ikatoka kamili, mstari baada ya mstari. Ndipo nikachapa, na macho ya baba yakatoka yote mawili.

Kaka aliyachukua mabango bado yananuka wino. Alasiri simu yake ililia. Aliyepiga alikuwa dereva wa gari la majani ya mifugo. Alfajiri alimkuta mzee kando ya barabara kwetu Ibra, akampakia kwa huruma, akamuuliza anakokwenda, asielewe jibu. Akamshusha Samail, karibu na msikiti, akidhani watu wake watakuwa hapo. Wakati wa kurudi, akamwona kwenye bango pale Bidbid.

Tulimkuta zahanati ya Samail, midomo imepasuka, maji ya dripu yanaingia mkononi. Watu wa hapo walimwokota chini ya ukuta wa shamba. Muuguzi alisema mzee tangu aletwe anarudia neno moja, wao hawalijui. Neno lenyewe lilikuwa "kiu".

Wakati wa kurudi tulipita Bidbid. Baba akaliona bango, akaniuliza, "Nani yule?"

"Mtu amepotea, baba."

"Masikini. Mungu amrudishe kwao."

Kaka akaitikia amini, macho yake barabarani.

Baba aliishi nasi miaka kadhaa baada ya hapo. Mama aliufunga ufunguo wa mlango kwenye pindo la kanga yake, na usiku nilimsikia akiamka kuupapasa. Nami niliamka vilevile, nikasimama nje ya chumba cha baba, nikasikiliza kama anapumua.