Mimba ya Pili ya Elinipa

Elinipa wa kijiji cha Akheri, mlimani, alimzaa mwanawe wa kwanza, Joel, nyumbani. Mvua ilikuwa imekata njia, na hakuna gari lililoweza kupanda. Mtoto alitoka salama, mwenye sauti, na mama akarudi kwenye kahawa na migomba yake. Hakuna aliyefikiria kumpima damu.

Mimba ya pili ilikuja tofauti. Tumbo lilikua upesi mno. Elinipa alipoinama kupalilia, alisikia uzito ukihama taratibu ndani yake, halafu ukatulia. Mtoto hakupiga teke. Mama mkwe wake, Eunike, alimwekea kiganja tumboni siku moja, kisha akakiondoa haraka.

"Mama Joel, huyu yuko kimya sana," alisema, akaenda kuosha mikono.

Baadaye Elinipa mwenyewe akaanza kuvimba. Kwanza miguu, kisha uso. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe. Asubuhi moja Joel alisimama mlangoni akamtazama kwa muda mrefu, kama mtoto anayemtazama mgeni, akakataa kubebwa.

Mumewe, Sifaeli, alimpeleka hospitali mjini. Daktari Fransiska alipitisha kipimo tumboni, akawageuzia skrini. Kwenye skrini mtoto alionekana amezungukwa na weusi, na weusi mwingine ulikuwa ndani yake.

"Huo weusi ni maji," daktari alisema. "Yako kifuani mwake, tumboni, hata chini ya ngozi ya kichwa."

"Yametoka wapi?"

"Wengine huyapata kwa maambukizi, au moyo ulioumbwa vibaya. Kwako ni damu. Kundi lako ni hasi, la mtoto ni chanya. Ulipomzaa wa kwanza, damu yake kidogo iliingia kwako, mwili wako ukajifunza kuipiga vita. Sasa unavunja damu ya huyu. Amepungukiwa damu, moyo unachoka, maji yanavuja. Na wewe unavimba pamoja naye."

Elinipa alitazama mikono yake iliyojaa. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua?"

"Hapana, mama. Kuna sindano ya kuzuia vita hiyo, ambayo ungechomwa baada ya Joel kuzaliwa. Sasa imechelewa, na yeye yuko hoi mno kuongezewa damu akiwa tumboni."

Mtoto alizaliwa mchana, jua likiwaka. Alikuwa wa kike, mzito, mweupe kupita kiasi, na ngozi yake iling'aa hata mwanga wa dirisha ukaonekana shavuni. Hakulia. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akanyamaza. Wakamwita Tabitha, wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sifaeli alishangazwa na uzito wa kile kifurushi kidogo.

Kilichomtisha Elinipa kuliko mazishi ni kilichofuata. Uvimbe wake ulipungua haraka, uso ukarudi kama zamani. Majirani wakamsifu kuwa amependeza.

"Mwili wangu umefurahi," alimwambia mumewe kwa sauti ndogo. "Umepata ulichotaka."

Sifaeli alimshika mkono.

Aliposhika mimba tena, alikwenda kliniki mapema. Daktari alimpima Sifaeli pia, akawaeleza kwamba huenda amebeba damu za aina zote mbili, chanya na hasi. Mtoto angeweza kufuata upande wowote; akifuata hasi ya mama, angekuwa salama. Kila mara skrini ilipowashwa, Elinipa alifumba macho mpaka aambiwe afumbue. Mtoto huyu alipiga mateke mchana kutwa, na kila teke lilimtia Elinipa hofu, akidhani ni la kuaga.

Elirehema alizaliwa mkavu, bila uvimbe, mwekundu, akipiga kelele. Damu yake ilikuwa hasi, kama ya mama. Nesi alimkabidhi, lakini Elinipa hakunyoosha mikono.

"Mpe bibi yake kwanza," alisema. "Mimi nitamshika nikishamwamini."

Eunike akampokea. Ilipofika jioni mtoto akalilia ziwa, na Elinipa akamwomba Eunike ampe.