Upande wa Nyuma wa Turubai

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, gari la sinema lilikuwa likija mtaani kwetu hapa Eastlands, linafunga turubai jeupe kwenye milingoti miwili uwanjani, tunatazama bure. Turubai lilionyesha pande zote mbili, lakini nyuma hatukukaa. Ukiwa nyuma, watu wa sinema walikula kwa mkono wa kushoto, wakasalimiana kwa kushoto. Nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, alitukataza: "Wanaotumia kushoto ni wafu. Mkikaa huko, watawavuta."

Mtu mmoja tu alikaa huko: Mutiso, fundi wa viatu. Nyumba yake iliposhika moto alitoka mbio akamwacha mkewe ndani. Mkewe huyo, Mama Ndinda, alijitoa mwenyewe, mkono umeungua, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyetaka kukaa karibu na Mutiso. Akipita wanamwuliza, "Mutiso, unaenda ama unakimbia?" Naye anacheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa na hataki kusumbua.

Siku moja ilikuwa sinema ya bahari. Baharia alikuwa ameteremka kwa mashua merikebu ikizama, akaacha abiria wamelala. Sasa amezeeka, yumo kwenye merikebu nyingine, na dhoruba imemkuta tena. "Mutiso, ndugu yako huyo," wanaume wakapaza sauti. Mimi nikataka kuona kama mwoga naye, ukimtazama kwa nyuma, hutumia kushoto. Nikazunguka.

Upepo ukaja. Mlingoti ukalala, turubai likaniangukia, kamba ikanikaza shingoni. Sinema haikuzimika. Waliokuwa mbele waliona mawimbi na mikono ya mabaharia ikijipinda juu yangu, nami chini yake napiga mateke. "Wamemshika," mtu akasema, na uwanja ukabaki mtupu. Wengine, nasikia, walikimbia wakaenda kupumzikia Soko la Burma.

Aliyeingia chini ya turubai ni Mutiso. Akaikata kamba kwa kisu chake cha kukatia ngozi, akanibeba hadi kwetu, akitetemeka kunishinda mimi. Cucu akanipapasa shingo, akasema, "Wamekuachilia kwa sababu wamemwona mwenzao." Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Lakini neno nililobaki nalo ni la Mama Ndinda. Alikuja asubuhi kuniona, na majirani wakamwambia mumewe sasa ni mwanamume. Akanishika kidevu, akatazama alama ya kamba.

"Ni vizuri," akasema. "Mimi nilimwita kwa jina, hakurudi. Huyu hata hakumwita."

Miaka mingi nilidhani ana roho mbaya. Sasa mimi mwenyewe nimeishi na mume mpaka nikamzika, na sidhani hivyo tena. Watu hupenda mwoga akitenda jambo moja jema, wanamsamehe wote kwa mpigo, kana kwamba walioungua ni wao. Mimi namshukuru Mutiso, pumzi ni yangu. Kumsamehe ilikuwa kazi ya Mama Ndinda, na sijui kama aliimaliza. Alimpikia, wakazeeka pamoja. Na jua likiwa kali, nilimwona akimsogezea kiti kivulini bila kumtazama usoni.