Baba Alex na Swali la Alexander

Wakhungu alifundisha historia katika shule ya Naitiri miaka saba akiwa mwalimu wa bodi, yaani mwalimu ambaye wazazi humlipa wakikumbuka. Wikendi alirudi kwake Tuwan, Kitale, ambako majirani walimwita Baba Alex. Alex mwenyewe alikuwa amekufa. Malaria ilimchukua mwaka wa 1999, akiwa na mwaka mmoja na nusu, njiani kwenda hospitali ya Lugulu. Jina la Alexander alipewa na baba yake, kwa sababu mwalimu wa historia asiye na shamba lazima arithishe kitu.

Baadaye akazaliwa Viola, na mashangazi wakaamua mambo yameisha: sasa aitwe Baba Viola. Sellah, mkewe, akakataa katakata.

"Huyu ni Baba Alex. Viola alikuta jina liko na mwenyewe."

Kila mwaka, muhula wa pili, Wakhungu aliliuliza darasa swali ambalo halimo kwenye silabasi. Alexander wa Makedonia, kijana wa miaka ishirini na kitu, dunia bado hajaimeza, alijitupa mtoni na jasho lake kama mtoto asiyesikia. Maji yalikuwa baridi ya kugandisha mifupa. Akatoka na homa iliyokaribia kumzika. Je, angekufa siku ile, historia ingebadilika vipi?

Ijumaa alimpelekea Sellah majibu. Sellah aliyasikiliza akikata mboga ya sukuma, kwa makini kuliko anavyosikiliza mahubiri. Hakuna kati yao aliyewahi kusema ni Alexander yupi hasa waliyekuwa wakimzungumzia.

Julai 2006 akaja mkaguzi kutoka Bungoma, Bwana Kiptum, ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia darasani likamtafutia kiti. Ripoti yake ndiyo ingeamua kama Wakhungu ataajiriwa na serikali au ataendelea kulipwa kwa kumbukumbu za wazazi. Kwa bahati mbaya, mkaguzi alifika bila taarifa, na swali lilikuwa tayari ubaoni.

"Haya, wajibu tuwasikie," alisema Kiptum.

Ian akasimama. "Miji yote aliyoipachika jina lake haingekuwako."

"Safi."

"Agano Jipya halingeandikwa Kigiriki," akasema Wangila, "na pasta wetu angekosa maneno ya kututisha nayo."

Darasa likacheka. Hata tumbo la Kiptum likacheka. Kisha Chepngeno akasimama kwenye dawati la nyuma.

"Mama yake angelia, Mwalimu. Hayo mengine yabadilike ama yasibadilike, yeye hangejua."

Kiptum akashikilia kalamu juu ya fomu yake.

"Hiyo ni alama ngapi, Mwalimu?"

Wakhungu aliutazama ubao, halafu ile kalamu.

"Sufuri," alisema. "Keti. Hapa tunauliza historia, hatuulizi habari za kilio."

"Vizuri sana," akasema Kiptum, akaandika.

"Ati si ameuliza mwenyewe," Chepngeno akanung'unika akikaa.

Barua ya ajira ilikuja Septemba. Wakhungu akanunua kilo mbili za nyama, akafika Tuwan akipiga mluzi. Sellah akaisoma barua mara mbili, akacheka, akabandika sufuria.

"Na lile swali, Baba Alex? Mwaka huu hujaniambia walijibu nini."

Furaha ilikuwa imemlegeza ulimi. Akamweleza yote: miji, pasta, hadi Chepngeno.

Sellah akaacha kukoroga. "Ukampa ngapi?"

"Si unajua mkaguzi alikuwa amekaa hapo hapo, bana, na kalamu…"

"Nimeuliza ngapi."

"Sufuri."

Sellah akakoroga tena mpaka nyama ikaiva. Akampakulia mnofu mkubwa kuliko wote, akauweka mbele yake.

"Karibu chakula, Mwalimu."

Wakhungu alidhani ulimi umeteleza, akangoja ajisahihishe. Sellah akamwita Viola aje anawe mikono. Kesho yake akamwita hivyo hivyo, na keshokutwa, na polepole majirani wa Tuwan wakafuata, wakidhani ni heshima ya cheo kipya.